Kufundisha Kozi ya Taaluma Mtambuka Chuoni: Mwongozo Kamili, Kuanzia Swali la Kwanza Hadi Usahihishaji

Kozi ya kwanza ya taaluma mtambuka niliyoshiriki kufundisha ilikuwa na walimu watatu na wiki 15. Tuligawana tano tano. Mhandisi wa maji alianza, mwanahistoria akafuata, nami mwalimu wa takwimu za afya nikamalizia. Kila mmoja alifundisha vizuri kwa namna anayoijua. Mwishoni tukawapa wanafunzi swali la insha: eleza tatizo la maji mijini kwa kutumia taaluma zote tatu. Kazi zilipokuja, karibu kila insha ilikuwa na sehemu tatu zilizobandikwa pamoja, kisha aya moja ya kufungia inayosema kwamba taaluma zote ni muhimu.

Tulikasirika. Tulisema wanafunzi wa siku hizi hawafikiri. Ilinichukua muda kukubali kwamba walitupa kile kile tulichowapa, yaani vipande vitatu. Kazi ya kuvishona tuliwaachia wao, na hatukuwahi kuwafundisha hata siku moja, kwa kuwa sisi wenyewe hatukuwa tumewahi kukaa tukaifanya.

Mwongozo huu unahusu kushona huko. Nimeuandika kwa mhadhiri anayetaka kuanzisha kozi ya namna hii na mwenzake wa idara nyingine, au aliyekwisha kuanza na anaona mambo hayashikani.

Kwanza, tuelewane kuhusu majina

Mwaka 1970 ilifanyika semina mjini Nice, Ufaransa, chini ya kituo cha utafiti wa elimu cha OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), na mwaka 1972 ikatoka ripoti yake kuhusu ufundishaji na utafiti unaohusisha taaluma nyingi vyuoni. Humo ndimo istilahi zinazotumika mpaka leo zilipangwa kwa makini, kuanzia taaluma zinazokaa bega kwa bega hadi zile zinazovuka mipaka yake kabisa. Kwa kazi ya darasani, tofauti inayotuhusu ni moja. Katika kozi ya taaluma anuwai, kila taaluma inasema lake na kuondoka kama ilivyokuja. Katika kozi ya taaluma mtambuka, kila moja inalazimika kubadili kitu kwa sababu imekutana na nyingine: swali linaulizwa upya, neno linapata maana pana zaidi, ushahidi uliodhaniwa kutosha unaonekana pungufu.

Kuna jaribio rahisi. Chukua ratiba ya kozi yako, mweke mwalimu wa kwanza mahali pa mwalimu wa tatu. Kama hakuna kinachoharibika, hiyo ni kozi ya taaluma anuwai, hata kama kwenye kitabu cha programu za chuo imeandikwa vingine. Kozi yetu ya kwanza ungeweza kuifundisha kuanzia nyuma kwenda mbele na mwanafunzi asingegundua.

Hatua ya 1: Anza na swali, mada iache

"Mabadiliko ya tabianchi" ni mada. "Maji na jamii" ni mada. Mada ni kama ukumbi mkubwa: kila mtu anaingia, anakaa kona yake, na hakuna anayelazimika kuzungumza na jirani. Swali linabana. Linganisha na hili: kwa nini mtaa uliowekewa mabomba mapya unaendelea kupata kipindupindu? Hapo mhandisi hawezi kumaliza peke yake, kwa kuwa mabomba yapo. Mtu wa afya hawezi, kwa kuwa anajua ugonjwa unavyoenea lakini hajui kwa nini watu wanarudi kisimani. Mwanahistoria anajua kwa nini hawaliamini bomba, ila hawezi kukuambia vimelea vimeingilia wapi.

Kabla ya kulikubali swali, lipitishe kwenye mambo matatu. Je, taaluma moja inaweza kulijibu ikaridhisha? Kama inaweza, iachie idara hiyo kozi yake. Je, taaluma ulizochagua zinapingana mahali fulani? Zikikubaliana tangu mwanzo, hutakuwa na cha kushona, utakuwa na orodha. Na je, mwanafunzi anaweza kupata ushahidi wa kulishughulikia ndani ya muhula mmoja?

Horst Rittel na Melvin Webber, katika makala yao ya mwaka 1973 kuhusu upangaji, walieleza aina ya matatizo ambayo namna unavyolieleza tatizo tayari imebeba aina ya suluhisho unalolitazamia. Ukisema tatizo ni upungufu wa mabomba, umekwisha kumchagua mhandisi. Ukisema ni ukosefu wa imani, umemchagua mtu mwingine. Ndiyo maana swali la kozi liandikwe na walimu wote wakiwa meza moja. Likiandikwa na mmoja na kutumwa kwa wengine "wapitie", litakuwa swali la idara yake lililovaa nguo za wote.

Niseme na hili: si kila kozi inafaa kuwa mtambuka. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuingia ndani ya taaluma hata moja hana cha kuleta mezani, na kwa mitaala mingi ilivyo, mimi naziweka kozi hizi mwaka wa pili au wa tatu. Vyuo vilivyoweza kuanza mapema vilijengwa kwa kusudi hilo. Chuo cha Evergreen katika jimbo la Washington, Marekani, kilichofunguliwa mwaka 1971, kilimpa mwanafunzi programu moja kubwa inayofundishwa na jopo la walimu na kumchukulia muda wake wote. Roskilde nchini Denmark, kilichoanza mwaka 1972, kilijenga masomo juu ya miradi ya vikundi. Huwezi kuiga matunda hayo kwa kozi moja ya saa tatu kwa wiki iliyobanwa kati ya kozi nyingine tano.

Hatua ya 2: Chagua taaluma mbili, tatu ikilazimu

Kishawishi ni kukusanya watu, maana kila idara itaona fahari kuhesabiwa. Kataa kwa adabu. Taaluma mbili zikishonwa vizuri zinamfundisha mwanafunzi zaidi ya tano zilizopitiwa juu juu.

Angalia umbali kati yake. Uchumi na takwimu ni majirani. Wataelewana siku ya kwanza, lakini pia hawana mengi ya kushtuana. Historia na uhandisi wako mbali. Mazungumzo yatakuwa magumu na yatahitaji wiki zaidi, na huko ndiko wanafunzi wanakofumbuka macho.

Kisha punguza tena. Usilete historia yote darasani, lete dhana mbili au tatu zake. Hapa kazi ya Jan Meyer na Ray Land, walioanza kuandika mwaka 2003 kuhusu dhana za kizingiti, inasaidia sana. Wanazungumzia zile dhana ambazo mwanafunzi akishazivuka haoni tena mambo kama alivyoyaona kabla. Katika historia, mojawapo ni kwamba kila waraka uliandikwa na mtu fulani kwa ajili ya mtu fulani. Katika takwimu za afya, ni kwamba idadi ya wagonjwa peke yake haisemi kitu mpaka uwe na kundi la kulinganisha nalo. Katika uchumi, kwamba gharama ya kitu ni kile ulichokiacha ili ukipate. Mwombe kila mwalimu ataje dhana tatu ambazo bila hizo mtu hawezi kusema anafikiri kwa taaluma yake. Wengi watataja kumi. Warudishe.

Hatua ya 3: Walimu wakae kwanza, kabla ya silabasi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ningekuwa na uwezo wa kukulazimisha jambo moja tu, ningekulazimisha hili. Tengeni vikao vitatu vya saa mbili mbili, bila kompyuta, bila rasimu ya silabasi. Wahenga walisema kila mwamba ngoma huvutia kwake, na silabasi ikiwa mezani kila mmoja ataanza kuvuta wiki zake.

Kikao cha kwanza kiwe cha maneno. Sisi tulianza na neno "chanzo", bila kujua tumegusa wapi. Mhandisi alisema chanzo ni mahali maji yanapotoka: kisima, mto, chemchemi. Mwanahistoria akasema chanzo ni kile anachokisoma ili ajue yaliyopita: barua, ripoti, simulizi za wazee. Mimi nikasema chanzo ni kile kilichosababisha mlipuko. Tulikuwa tumetumia neno hilo muhula mzima mbele ya wanafunzi wale wale, kila mmoja na maana yake, na hakuna mwanafunzi aliyeuliza. Walidhani wanapaswa kujua.

Andikeni maneno kumi ya namna hiyo. Nayapendekeza haya kwa kuanzia: ushahidi, hatari, modeli, nadharia, sababu, kiwango, jamii, mfumo. Kwa kila neno kila mwalimu aandike sentensi moja peke yake, kisha msomeane. Chukua "hatari". Mhandisi atakuwa na uwezekano wa tukio uliozidishwa kwa ukubwa wa hasara. Mwanasheria atauliza nani atawajibika. Mwanasaikolojia atataka kujua watu wanaiogopa kiasi gani, jambo ambalo mara nyingi halilingani na hesabu ya mhandisi. Hakuna aliyekosea. Orodha hii itunzeni, kwa sababu itakuwa nyenzo ya darasani.

Kikao cha pili kiwe cha imani za kitaaluma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Idaho, Marekani, walichapisha mwaka 2007 njia ya kuwakalisha wanasayansi wa fani tofauti wakajadili misingi ya kifalsafa ya kazi zao kabla ya kushirikiana. Maswali mnaweza kuyatunga wenyewe. Ushahidi wa kutosha ni upi? Kisa kimoja kilichochunguzwa kwa kina kinaweza kuthibitisha kitu? Mtafiti anaweza kujitenga kabisa na maadili yake? Ni lazima matokeo yarudiwe mahali pengine ndipo yaaminike? Mkijikuta mnabishana kwa sauti, kazi inakwenda vizuri. Mkijikuta mnakubaliana kwa kila kitu, mmoja wenu anakuwa mpole kupita kiasi.

Cha tatu ni cha mamlaka. Nani ana neno la mwisho kwenye alama? Mwenzako akisema darasani jambo ambalo kwa taaluma yako ni kosa, utalisahihisha pale pale au baada ya kipindi? Mafahali wawili hawakai zizi moja, isipokuwa wamekubaliana mapema nani anakula upande upi. Sisi tulikubaliana kupingana mbele ya wanafunzi, kwa sharti kwamba anayepinga kwanza aeleze hoja ya mwenzake mpaka mwenzake aseme ndiyo, hiyo ndiyo hoja yangu. Sharti hilo baadaye tuliligeuza kuwa zoezi la wanafunzi.

Hatua ya 4: Andika kazi ya mwisho kwanza

Grant Wiggins na Jay McTighe walieneza tangu mwaka 1998 njia ya kupanga mafunzo kuanzia mwisho: amua mwanafunzi ataonyesha nini, kisha jinsi utakavyokiona, ndipo uje kwenye mihadhara. John Biggs, katika makala ya mwaka 1996, alisisitiza kwamba malengo, shughuli za darasani na tathmini vinapaswa kuvuta upande mmoja. Katika kozi ya taaluma mtambuka ushauri huu una uzito maradufu, kwa kuwa mara nyingi lengo linasema "kuunganisha", mihadhara inasema "kila mtu kivyake", na mtihani unauliza maswali matatu kutoka idara tatu. Mwanafunzi mwenye akili ataufuata mtihani.

Lengo dhaifu linasomeka hivi: mwanafunzi ataelewa umuhimu wa mitazamo mbalimbali. Hulipimi hilo. Jaribu hivi: mwanafunzi ataweza kuonyesha mahali ambapo maelezo mawili ya kitaaluma kuhusu tukio moja yanapingana, ataje kila upande unategemea ushahidi gani, na apendekeze maelezo yanayozibeba pande zote mbili huku akieleza yanachoshindwa kubeba. Malengo manne ya namna hii yanatosha muhula mzima. Angalau mawili yawe ya kuunganisha.

Hatua ya 5: Ratiba yenye mishono

Tuseme una wiki 14. Wiki ya kwanza ipe kisa kizima, kabla ya nadharia yoyote. Wiki ya pili na ya tatu ni za taaluma ya kwanza na dhana zake chache. Ya nne ni mshono wa kwanza: hakuna mada mpya, mnarudi kwenye kisa cha wiki ya kwanza na kuuliza sasa tunaona nini ambacho hatukukiona. Ya tano na ya sita ni za taaluma ya pili, ya saba mshono wa pili, na huu ni mgumu zaidi kwa sababu sasa kuna migongano. Wiki ya nane wanafunzi wanaleta pendekezo la mradi. Ya tisa na ya kumi kila taaluma inarudi kwa zamu, safari hii ikifundisha kile ambacho miradi imeonyesha kinakosekana. Ya kumi na moja hadi ya kumi na tatu ni za mradi pamoja na ushauri wa walimu wote, na ya mwisho ni ya uwasilishaji.

Kanuni yangu ni kwamba thuluthi moja ya saa za darasani iende kwenye mishono. Wenzako watakuambia ni nyingi mno na kwamba kuna maudhui ya kufundisha. Wajibu kwamba mshono ndio maudhui. Na katika wiki hizo walimu wote wawe chumbani, mwanzo hadi mwisho. Mwalimu anayeingia, akatoa mhadhara na kuondoka, anawafundisha wanafunzi jambo moja kwa uwazi mkubwa: kwamba hana haja ya kusikia wengine wanasema nini.

Hatua ya 6: Wiki ya kwanza, kisa kizima

Kisa ninachokitumia ni mlipuko wa kipindupindu katika eneo la Soho, London, mwishoni mwa Agosti 1854, uliowaua watu zaidi ya 600. Kinajulikana sana, na mara nyingi kinasimuliwa kama ushindi wa mtu mmoja: daktari John Snow aliyechora ramani ya vifo, akaona vimezunguka pampu ya Broad Street, na mpini wa pampu ukaondolewa tarehe 8 Septemba. Ukikifundisha hivyo, umekiua.

Gawa darasa katika vikundi vitatu na kila kimoja kipe bahasha yake. Bahasha ya kwanza ina hesabu za Snow: vifo vilivyokusanyika karibu na pampu, pamoja na mambo yasiyo ya kawaida. Nyumba ya maskini iliyokuwa karibu, yenye wakazi zaidi ya 500, ilipoteza watu 5 tu, na ilikuwa na kisima chake. Mjane mmoja wa Hampstead, mbali na hapo, alikufa. Alikuwa akiletewa maji ya pampu ile kwa kuwa aliyapenda. Bahasha ya pili ina kazi ya Henry Whitehead, kasisi msaidizi wa eneo lile. Hakuamini hoja ya Snow na alianza kuchunguza akitarajia kuipinga. Aliwajua wakazi, akaingia nyumba kwa nyumba, na mwaka uliofuata akampata mtoto mchanga wa nyumba namba 40 aliyeugua kabla ya wengine, ambaye mama yake alimwaga maji ya kufulia nepi kwenye shimo la maji machafu. Bahasha ya tatu ina matokeo ya kuchimbua shimo hilo: matofali yaliyooza, na maji machafu yaliyokuwa yakipenya kuelekea kisimani.

Kila kikundi kisome bahasha yake na kiandike chanzo cha mlipuko ni nini. Kisha changanya watu, ili kila kikundi kipya kiwe na mmoja kutoka kila bahasha. Ni njia ambayo Elliot Aronson alianza kuitumia mwaka 1971 katika shule za Austin, Texas: kila mtu ana kipande ambacho wengine hawana, hivyo hakuna anayeweza kunyamaza. Wape dakika 40.

Kinachotokea karibu kila mara ni kwamba wanabishana kuhusu "chanzo". Ni pampu? Ni mtoto? Ni shimo? Hapo ndipo unapotoa ile orodha yenu ya maneno. Na kabla hawajatoka, waulize kilichokosekana: wakati huo wataalamu wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu, na wakuu wa afya hawakuikubali hoja ya Snow. Kwa nini ushahidi mzuri haukutosha? Swali hilo liache wazi. Litawarudisha wiki ijayo.

Hatua ya 7: Fundisha kushona kama ufundi

"Unganisha" ni agizo lisilofanyika mpaka lipewe mikono. William Newell na Allen Repko, walioandika kwa miaka mingi kuhusu mchakato huu, walitaja mbinu kadhaa za kutafuta msingi wa pamoja. Mimi nafundisha nne, moja moja, kila moja na zoezi lake.

Ya kwanza ni kufafanua upya. Mnalichukua neno linalogombaniwa na kulipa maana ambayo kila upande unaweza kuitumia bila kujidanganya. Katika kisa chetu wanafunzi wengine hufika kwenye wazo kwamba chanzo ni mnyororo, na kila taaluma inashika pete yake.

Ya pili ni kupanua. Nadharia ya upande mmoja inanyooshwa ili ibebe kitu ilichokiacha nje. Modeli ya maambukizi yenye umbali na idadi ya watu inaweza kuongezewa mazoea: nani anatembea mbali kufuata maji anayoyaamini. Yule mjane anaingia kwenye modeli kwa njia hii tu.

Ya tatu ni kupanga. Wakati mwingine maelezo mawili hayapingani, yanashughulikia hatua tofauti za jambo moja. Hapa ramani za dhana zinafaa, zile alizoziendeleza Joseph Novak na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell kuanzia miaka ya 1970. Sharti langu ni kwamba kila mshale uwe na kitenzi. Mshale usio na kitenzi ni pambo.

Ya nne ni kuligeuza pingamizi la ndiyo na hapana kuwa mwendelezo. Badala ya kugombana kama watu wanaliamini bomba au hawaliamini, mnauliza wanaliamini kiasi gani, kwa matumizi gani, na tangu lini. Mwanafunzi anayeweza kunywa maji ya bomba yaliyochemshwa, lakini hatayatumia kumtengenezea mtoto maziwa, amekwisha kulivunja lile swali la zamani.

Lakini waambie ukweli: kuna mishono isiyoshika. Kama tofauti ya maadili ndiyo kiini cha mgongano, mbinu hizi hazitaiondoa. Insha inayosema "hapa hatukuweza, na sababu ni hii" naipa alama za juu kuliko inayolainisha kila kitu.

Hatua ya 8: Tathmini

Veronica Boix Mansilla na wenzake wa Harvard walitumia miaka mingi wakiuliza kazi nzuri ya taaluma mtambuka inatambulikaje, na vigezo walivyovitoa vinatumika vizuri: kazi ina kusudi linaloeleweka, imesimama imara katika taaluma zinazohusika, imeunganisha, na mwandishi anajua mipaka ya alichokifanya. Mgawanyo wangu wa alama 100 ni 10 kwa kusudi, 30 kwa misingi ya kitaaluma, 40 kwa muunganisho na 20 kwa uelewa wa mipaka. Ile 40 naitetea kila mwaka. Ikishuka chini ya hapo, wanafunzi wanaona, na insha za vipande vitatu zinarudi.

Viwango vya muunganisho viandikwe kwa maneno ambayo mwanafunzi ataweza kuyatumia kujisahihisha. Kiwango cha chini: taaluma zimetajwa kila moja katika sehemu yake. Kinachofuata: zimelinganishwa, na tofauti zimeonekana. Cha tatu: mgongano umeelezwa hadi kwenye mzizi, yaani ushahidi au dhana inayousababisha. Cha juu: kuna maelezo mapya ambayo hakuna taaluma moja ingeyafikia peke yake, na mwandishi anaonyesha kila upande umechangia nini. Wape jedwali hilo wiki ya pili pamoja na insha mbili za mfano, wasahihishe wenyewe.

Kwa walimu, kabla ya kugawana makaratasi chukueni insha tano, kila mmoja azisahihishe peke yake, kisha mlinganishe. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, insha moja ilipata 71 kwangu na 48 kwa mwanahistoria. Mimi niliona hesabu safi. Yeye aliona mtu aliyeziamini ripoti za serikali kama vile zilishuka kutoka mbinguni. Tulizungumza saa nzima, na wote wawili tulibadili alama. Pale mnapotofautiana kwa zaidi ya alama 10, msichukue wastani. Wastani unaficha jambo ambalo mlipaswa kulijua.

Ongeza daftari la tafakuri, ukurasa mmoja kila wiki ya mshono, kwa maswali mawili: leo nilibadili mawazo kuhusu nini, na ni hoja ya nani iliyonibadilisha? Usilipe alama za ubora. Lipe alama za kuwasilishwa tu, la sivyo wataandika unachotaka kusoma. Mradi wa kikundi uwe na alama ya pamoja, lakini kila mmoja aandike peke yake kurasa mbili za kueleza mshono mmoja. Kurasa hizo zinakuambia haraka nani alishona na nani alibeba sindano.

Hatua ya 9: Wanafunzi watakapochanganyikiwa

Watachanganyikiwa, kwa kawaida kati ya wiki ya tano na ya saba. Watakuja ofisini na kuuliza: nyinyi wawili hamkubaliani, sasa nani yuko sahihi? William Perry, katika kitabu cha mwaka 1970 kilichotokana na mahojiano na wanafunzi wa Harvard, alionyesha jinsi wengi wanavyoanza chuo wakiamini kila swali lina jibu moja ambalo mwalimu analo, kisha wanapita kipindi cha kuona kila maoni ni sawa na mengine, ndipo wachache wanafika mahali pa kuchagua kwa hoja. Kozi yako inawasukuma katika safari hiyo kwa kasi. Waambie mapema kwamba hali hiyo inakuja. Usikimbilie kuwapa jibu, ila wape njia: ushahidi upi ungekufanya umwache mmoja wetu?

Chunga pia heshima isiyolingana. Katika vikundi, mwanafunzi wa sayansi mara nyingi hufanya hesabu, na wa fasihi au historia anapewa kazi ya "kuandika utangulizi". Hiyo si kazi ya kitaaluma, ni ukarani. Pita kwenye vikundi wiki ya tisa na umwombe kila mmoja aeleze mchango wa taaluma ya mwenzake. Asiyeweza, kikundi chake hakijaanza.

Hatua ya 10: Ofisini

Hapa nitakuwa mfupi, ila usipuuze. Kabla kozi haijapelekwa kwenye seneti, pata kwa maandishi mambo haya: kozi iko chini ya idara gani, uniti zake zinahesabiwa wapi, kila mwalimu anahesabiwa saa ngapi (na kama walimu wawili wako darasani kwa saa mbili, kila mmoja ahesabiwe mbili), mtahini wa nje ni wa fani ipi, na nini kitatokea mmoja akienda likizo ya masomo. Kozi nyingi nzuri nilizoziona zikifa zilikufa kwa suala la saa. Mwalimu alikuwa anajitolea nusu ya muda wake, akapandishwa cheo au akachoka, na hakuna aliyemrithi.

Hatua ya 11: Kujua kama imefanya kazi

Dodoso la mwisho wa muhula litakuambia kama wanafunzi walikufurahia. Kwa kujifunza kwao, fanya hivi. Siku ya kwanza, kabla ya kufungua zile bahasha, wape kisa kifupi ambacho hamtakigusa tena, na uwaombe waandike ukurasa mmoja: unaona tatizo gani hapa, na ungeanzia wapi? Kusanya kurasa hizo, zifungie kabatini. Wiki ya 14 wape kisa hicho hicho na swali hilo hilo.

Walimu mzisome jozi kumi mkiwa pamoja, mkitafuta mambo mawili: maswali yameongezeka, na mwanafunzi anataja ushahidi ambao angehitaji kutoka kwa mtu wa fani nyingine? Yale ambayo hamkuyaona katika jozi yoyote ndiyo mtakayoyapangia muda muhula ujao. Jozi hizo, orodha ya maneno na zile insha tano za kulinganisha ziwekeni kwenye jalada moja kwa ajili ya mwalimu atakayewafuata.

Kisha mrudishie kila mwanafunzi kurasa zake mbili katika kipindi cha mwisho. Wape dakika 15 wazisome kimya, kabla mwalimu yeyote hajasema neno.